Kijana Asiye na Ng'ombe

Kila asubuhi ya likizo ile ya mwezi wa sita, Wegesa aliamka mapema, akafagia uwanja wa nyumba yao pale Nyasho, akachota maji na kuosha vyombo vya jana. Mama yake, Stellah, alikuwa fundi cherehani mjini Musoma. Kabla ya kutoka alirudia maneno yale yale, kana kwamba Wegesa alikuwa na masikio ya kuazima.

"Bibi ale mchana. Akishakula ndipo ameze dawa ya presha. Halafu ndiyo uwashe hiyo katuni yako. Siku nikisikia hajala, flashi yenye katuni inarudi kwa rafiki yako Emanuel."

"Sawa, mama."

Bibi Bhoke alikuwa mama mzazi wa baba yake Wegesa. Alikuwa ameletwa kutoka Butiama baada ya Pasaka. Marehemu babu alioa wake wanne, na Bibi Bhoke alikuwa wa tatu. Miaka ilivyokwenda alibaki yeye na mke mwenzake mkubwa, Tereza, nyumba zao zikitazamana kwenye boma moja. Tereza naye alipofariki, Bibi Bhoke aliacha kucheka, kisha akaanza kuacha chakula. Baba, ambaye ni dereva wa lori na muda mwingi yuko safarini, akaona mama yake asikae peke yake.

Sasa tuje kwenye katuni, maana tuseme ukweli, ilikuwa tamu. Ilitoka Japani, lakini mtafsiri mmoja alikuwa ameiingizia sauti yake ya Kiswahili, na kila alipoweza alitia chumvi. Kijana mkuu wa hadithi alimbatiza jina la Masanja. Masanja alirithi nyumba kubwa, na ndani yake walipanga wasichana saba waliokuwa wakijifunza mazingaombwe. Wote saba walimpenda, na kila mmoja alitaka kumpikia. Basi mmoja akichemsha wali, mwenzake anaugeuza kuwa vyura. Wa tatu akijaribu kuwafukuza vyura, paa la nyumba linaruka na kwenda kutua kwa jirani. Masanja mwenyewe alikuwa ni mtu wa kukimbia tu, sufuria kichwani.

Lakini kila sehemu iliisha wote wakiwa wameketi kwenye meza moja ndefu, nyuso zimejaa masizi, wanakula na kucheka. Wegesa alikuwa mtoto wa pekee. Meza ile ilimpendeza kuliko mazingaombwe yote.

Kosa lilianza dogo. Siku moja Wegesa alimpelekea bibi chumbani ugali wa mtama na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa vizuri. Bibi aliugusa ugali kwa kidole.

"Weka hapo, mjukuu wangu. Nitakula baadaye."

Wegesa aliweka, akaenda sebuleni kuangalia katuni kidogo. Kidogo hicho kikawa sehemu nne. Aliporudi, bibi amelala, ugali umekauka, na mama yuko karibu kufika. Wegesa akampa mbwa wa jirani chakula chote, kidonge akakificha kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka.

"Bibi amekula?" mama aliuliza.

"Amekula, mama. Na dawa amemeza."

Kesho yake uongo huo ulikuwa mwepesi zaidi, na baada ya hapo ukawa unatoka wenyewe. Kila jioni bibi alikunywa uji nusu kikombe akasema unatosha, na mama akaamini kwamba mchana alishiba. Mbwa wa jirani alianza kung'aa manyoya. Bibi alianza kushika ukuta akitembea, akisema kichwa kinamgonga.

Siku ya kliniki ilipofika, walikwenda wote watatu. Daktari alimfunga bibi kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akatazama mashine, akapima tena.

"Mzee wetu anakula?"

"Anakula," mama alijibu.

"Na dawa anameza kila siku?"

"Kila siku, daktari. Huyu mjukuu wake ndiye anampaga."

Daktari akachukua kalamu. "Basi dozi hii haimtoshi. Nitamwandikia kali zaidi."

Wegesa aliitazama kalamu ile. "Daktari," aliuliza kwa sauti ndogo, "mtu akipewa dawa kali, kumbe hakuihitaji, inakuwaje?"

"Presha inashuka ghafla. Kwa umri wa bibi, anaweza kuanguka na asiamke." Daktari akamtazama. "Kwa nini unauliza?"

Wegesa alijua kwamba akisema, katuni imekwisha, na mama ataona aibu mbele ya daktari. Akamgeukia bibi. Bibi alikuwa ametulia kwenye kiti, anamtazama mjukuu wake bila wasiwasi wowote, kama mtu aliye mikononi mwa watu wema. Macho yale ndiyo yaliyomshinda Wegesa.

"Bibi hajala mchana tangu wiki iliyopita," alisema. "Na dawa hajameza. Nilizificha kwenye kopo. Nilikuwa nasema uongo ili niendelee kuangalia katuni."

Mama aligeuka akamtazama binti yake. Daktari alikata alichokuwa ameanza kuandika.

"Tunabaki na dawa ile ile," alisema taratibu. "Ale kwanza, ndipo ameze. Nitamwona tena baada ya wiki mbili. Na asante, binti, kwa kusema kabla hatujatoka hapa."

Walipofika nyumbani, mama alikwenda moja kwa moja kwenye televisheni na kuchomoa flashi. Wegesa hakubisha. Aliingia jikoni, akapasha ugali na mchuzi wa samaki sato, machozi yanamtiririka.

"Stellah," bibi aliita. "Usiirudishe kwanza. Nataka nikione hicho kitu kilichofanya mjukuu wangu anisahau."

"Mama, ni mambo ya watoto hayo."

"Na mimi si nimekuwa mtoto? Kila siku mnashindana kunilisha."

Mama akaichomeka tena flashi. Bibi akawekwa sebuleni, sahani mbele yake, Wegesa pembeni, na Masanja akatokea anakimbia kama kawaida yake.

"Kijana huyo ana ng'ombe wangapi?" bibi aliuliza.

Wegesa hakutegemea swali hilo. "Hana, bibi. Ana nyumba tu, na paa limeruka."

"Hana ng'ombe, hana paa, na wasichana saba wanamgombania? Wanamtakia nini?" Bibi akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi bila hata kulitazama. "Babu yako alikuwa na zizi limejaa, na bado tulimsumbua akawa anahamia kwa ndugu yake."

Mama alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Pale kwenye katuni, msichana wa nywele nyekundu alikasirika akarusha chungu ukutani.

"Huyo ni Tereza," bibi alisema. "Tereza mtupu. Alinirushiaga mwiko mimi, tena wa moto."

Tonge likafuata tonge. Kisha msichana wa nywele za bluu akaugua. Yule wa nywele nyekundu, ambaye sehemu nzima alikuwa akimtukana mwenzake, akapika uji kwa siri, akauweka mlangoni pake, akagonga na kukimbia. Bibi aliacha kutafuna. Machozi yakamshuka.

"Nizime, bibi?"

"Usizime." Bibi alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Nilipomzaa baba yako niliumwa sana. Mimi na Tereza tulikuwa hatusemeshani tangu palizi. Alfajiri moja nikafungua mlango, nakuta uji wa ulezi uko hapo, una moto. Ikawa hivyo kila siku mpaka nikapona. Hakusema kuwa ni yeye, na mimi sikumwambia asante. Tulirudi kwenye ugomvi wetu. Tangu amekufa sina wa kugombana naye. Nikikaa kula nasikia kimya tu."

Wegesa alitazama sahani ya bibi. Ilikuwa tupu. Siku zote alizokuwa akiifurahia ile meza ndefu, bibi alikuwa chumba cha pili, amewekewa chakula peke yake.

"Nisamehe, bibi," alisema.

"Nimeshakusamehe kule kwa daktari. Hata mimi nilinyamaza pale, nikiogopa utachapwa. Lete maji nimeze dawa."

Tangu siku hiyo mama aliweka utaratibu mpya. Chakula cha mchana kililiwa sebuleni, bibi na mjukuu sinia moja, na katuni ilikuwa sehemu moja tu. Bibi alimlaumu Masanja kwa kila kitu, akala. Waliporudi kwa daktari, presha ilikuwa imeshuka kwa dawa ile ile.

Jumapili iliyofuata mama alipika pilau na kutandika mkeka uwanjani. Kabla ya kula, bibi alimshika Wegesa mkono.

"Katuni haina kosa, mjukuu wangu, imenirudishia Tereza. Kosa lako lilikuwa kusema nimekula wakati sijala. Daktari haoni ndani ya nyumba yetu, anatibu kwa maneno tunayompa. Ukimpa ya uongo, anatibu mtu ambaye hayupo, na mimi niliyepo ninakufa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Haya, tuombe." Bibi akafumba macho. "Mungu wetu, asante kwa chakula hiki na kwa kinywa kinachokitamani tena. Asante kwa Stellah, ananitunza kama mama aliyemzaa. Asante kwa mjukuu wangu aliyesema kweli huku anaogopa. Tereza mwambie kwamba uji niliujua ni wake, na kwamba nasema asante, japo nimechelewa. Na yule kijana Masanja, Baba, mpatie basi hata ng'ombe mmoja."

"Amina," mama alisema huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Amina," akasema Wegesa, akamsogezea bibi upande wa sinia wenye nyama nyingi.