Hodi ya Mwalimu Magige

Rafiki yangu Hashimu, fundi kompyuta wa Manyamanyama pale Bunda, ni mtu wa dharau. Mteja akieleza tatizo, yeye anasonya. Basi mjane mmoja wa Nyamuswa, mama Kulwa, akamletea kompyuta ya mezani ya marehemu mumewe, Mwalimu Magige. Ilikuwa haiwaki, na picha zote za marehemu zilikuwa humo.

"Mwanangu, kabla hujaifungua piga hodi," alimwambia. "Mwalimu Magige alikuwaga hataki kitu chake kiguswe bila hodi."

"Mama, hili ni bati na nyaya tu. Nenda kanywe chai."

Saa saba mchana Hashimu akafunga mlango wa kontena lake la kazi kuzuia vumbi. Akachomeka flashi na kuiwasha kompyuta kupitia hiyo, apate kuitengeneza diski ya ndani iliyoharibika. Diski ikaanza kugonga: ko, ko, ko. Ikanyamaza. Ko, ko, ko.

"Takataka," akasema.

Umeme ukakatika. Skrini ikazima, feni ikafa, kontena likawa giza totoro. Ndani ya kompyuta isiyo na umeme kukagongwa tena, taratibu: ko, ko, ko.

Mtu mwenye akili angetoka mbio. Hashimu wangu, kwa ile jeuri yake ya kijinga, akacheka, akajibu: "Karibu, Mwalimu! Pita ukae!"

Kugonga kukakoma. Halafu mbele yake, gizani, kiti cha plastiki cha wateja kikalia polepole, kama kinavyoliaga akikaa mtu mzito.