Pumzi Katika Redio ya Mnara

Jua lilikuwa limeshainama nilipopanda ngazi za mnara na birika la kahawa. Kiwanja chetu cha ndege hakina taa. Jua likizama, kinafungwa. Ilikuwa imebaki ndege moja tu, ile ya kutoka Manila, na ndani yake alikuwamo mdogo wetu Nenita, akija kumzika Tiya Pasing, shangazi yetu.

Kazi yangu mnarani ilikuwa kupima upepo na mawingu. Aliyezungumza na marubani alikuwa kaka yangu, Manong Crisanto. Jioni ile alichelewa. Aliingia akihema, utepe mweusi bado kifuani, akinukia mishumaa na yale mafuta ya kafuri ambayo Tiya alikuwa akijisugua kifuani kwa ajili ya pumu.

"Umepitia wapi?" nikamuuliza.

"Nipitie wapi na nimeshachelewa? Nimetoka msibani moja kwa moja."

"Manong..."

"Usianze, Inday. Hata marehemu anajua kazi ni kazi."

Kwetu mtu akitoka kwenye mkesha wa maiti hanyooshi njia. Hupitia kwanza pengine, hata kibandani kunywa soda, ajikung'ute, ili aliyekufa asimfuate mpaka anakokwenda. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Na Tiya Pasing hakuwa marehemu wa kufanyiwa mzaha. Alimlea Nenita tangu mama yetu alipofariki, na Nenita alipohamia Manila hakurudi tena, hata kwa Krismasi. Mimi ndiye niliyemshika Tiya mkono akikata roho. Kila pumzi yake ilikuwa na mluzi ndani. Neno lake la mwisho halikuwa la kuaga.

"Siendi peke yangu," alisema. "Nakwenda na mtoto wangu."

Naliandika kama lilivyotamkwa, maana wapo katika ukoo wetu wanaosema aliomba maji.

Ndege ikaita. Manong akampa rubani ruhusa ya kutua, na rubani akayarudia maneno yale, kama ilivyo desturi yao. Nikaiona upande wa mashariki, nukta inayong'aa juu ya mashamba ya miwa.

Wakati huohuo nyati wa kulimia wa mtu fulani akaingia katika njia ya ndege. Si jambo geni kwetu. Gari la zimamoto likatoka kumfukuza. Nyati akaondoka, lakini gari likazimika palepale, katikati ya njia. Dereva Badong na mwenzake wakashuka, wakaanza kulisukuma.

Halikusogea.

Manong akabonyeza kitufe cha redio amwambie rubani asitue.

Sauti yake haikutoka.

Kulikuwa na mtu mwingine katika masafa yetu. Hakuzungumza. Alikuwa ameshikilia kitufe tu, na anayeshikilia kitufe huwaziba wengine wote midomo. Tulisikia mkwaruzo. Kisha...

Pumzi.

Ndefu. Nzito. Na ndani yake, mluzi.

Manong alinitazama. Akairukia redio ya akiba, yenye masafa mengine kabisa. Nayo ilikuwa ikipumua.

Nikachukua taa ya ishara, nikaielekeza kwenye ndege, nyekundu. Lakini rubani alikuwa akija amelikabili jua. Hakuiona taa, na gari pia asingeliona. Ndege ikashusha magurudumu. Harufu ya kafuri ilijaa chumba mpaka macho yakaniwasha.

"Ni yeye," nikanong'ona. "Amekuja nawe. Mtoe nje, Manong."

"Nikitoka, nani atasema na ndege?" Alikuwa bado amekishika kitufe. "Nenita yumo mle, Inday. Fanya kitu."

Nikageukia pembe ya chumba, pale harufu ilipokuwa kali zaidi.

"Tiya," nikasema polepole, kama nilivyozoea kumwita mezani. "Nenita hapandi huku juu. Twende tukamngoje langoni."

Nikamnyooshea mkono.

Kitu kikanishika mkono, juu ya kiwiko. Baridi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinishika tukienda kanisani.

Nikashuka. Kila niliponyanyua mguu, ngazi niliyoiacha ililia tena nyuma yangu. Sikugeuka. Mluzi sasa ulikuwa sikioni mwangu. Nilipotoka nje nikasikia ngurumo ya ndege ikikaribia, na miguu yangu ilitaka kukimbia, lakini Tiya hakuwahi kukimbia maishani mwake. Tukaenda mwendo wake. Tukafika kwenye kibanda cha Manang Upeng, kilichoegemea ua chini ya mnara, anapokaanga ndizi kwa sukari.

Nikavuta benchi. "Keti hapa, Tiya."

Manang Upeng akaacha kugeuza ndizi, akauliza kama nimeanza kuzungumza na upepo ninaoupima.

Mkono ukaniachia.

Papo hapo sauti ya Manong ikasikika kutoka dirisha la mnara, ikimwamuru rubani apae. Injini zikanguruma. Ndege ilipita juu ya gari la zimamoto chini sana hata kofia ya Badong ikapeperuka. Ikazunguka juu ya miwa. Gari likasukumwa kando, na ndege ikatua jua likiwa limebaki kama ukucha.

Nenita alishuka mzima. Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namvunja mbavu.

Fundi aliyetumwa kutoka mjini alisema kosa lilikuwa la redio ya gari la zimamoto; kitufe chake kilibanwa na kiti. Yawezekana. Badong hana pumu. Na kuhusu redio ya akiba, fundi hakusema neno.

Tulimzika Tiya, na Nenita akarudi Manila salama.

Siku ya tisa ya kumwombea Tiya, sala zilipokwisha na watu wakila, Manang Upeng alinifuata jikoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekonda.

"Inday," akaninong'oneza, "yule mama uliyeniachia jioni ile, mtakuja kumchukua lini?"

Nikasema sijui anamsema nani.

"Usinifanyie hivyo. Yule anayepumua kwa mluzi. Mwanzo alikaa benchini tu, nikamvumilia. Sasa analala ubavuni mwa binti yangu, na mimi ninaye huyo mmoja tu." Akautazama mlango, kisha akanisogelea zaidi. "Tangu juzi, nikisikiliza gizani... siwezi tena kujua ni yupi kati yao anayepumua."