Siku Nyekundu ya Mzee Hsu

Bi Sumintra Ramdass ndiye aliyemkuta. Jumatano asubuhi, saa mbili na nusu, alipanda ngazi zake pale Flushing, juu ya duka la mikate, kwenda kufungua chumba anamokodisha meza kwa watu wanaocheza hisa. Akawasha taa. Mzee Hsu alikuwa chini, kati ya meza yake na lile bomba la chuma la kupasha chumba joto, miwani imevunjika chini ya shavu lake na damu imeshakauka. Bi Sumintra anasema kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kupiga simu, ni kumshushia shati lake vizuri, maana tumbo lilikuwa wazi na mzee alikuwa mtu wa heshima zake.

Niseme mapema tusije tukasumbuana. Mimi nami nilikuwa na meza chumba kile kile, lakini wiki hiyo nilikuwa nimelazwa na mawe kwenye figo, ndiyo maana hakuna aliyenihoji. Haya nimeyapata kwa Bi Sumintra, kwa Artie mwenzetu wa chumbani, na kwa inspekta mwenyewe, ambaye hapendi kusimulia hata kidogo, ila mimi nikikushika kwa maswali huchomoki.

Inspekta ni Ivelisse Cintrón, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na wa hisa hajui lolote. Alipogusa kompyuta ya marehemu, skrini ikawaka na kumwonyesha chati. Sisi vile vijiti vya kwenye chati tunaviita mishumaa, kila mmoja unaonyesha bei ilikotoka na ilikofika. Ya mzee ilikuwa myekundu, imepangana kama ngazi kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia, na mwishoni kabisa michache ya kijani imeporomoka. Cintrón akaona wekundu mwingi, akajisemea moyoni kwamba maskini mzee alikuwa amepigwa vibaya. Akapiga picha.

Daktari alisema mzee alikufa jioni ya Jumanne, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili. Kichwa kiligonga lile bomba la chuma. Lakini kifuani kulikuwa na alama ya kiganja, kwa hiyo mtu alimsukuma. Kampuni aliyokuwa akinunulia hisa nayo ikaleta habari yake: mzee alikuwa na hisa za makampuni matano, na saa kumi na mbili kasoro, za matatu ziliuzwa zote kwa mkupuo kutoka kwenye kompyuta ile ile. Za mawili hazikuguswa. Soko lenyewe hufungwa saa kumi, ila kuna soko dogo la jioni la wale wasiojua kwenda nyumbani, wanunuzi wachache na bei hovyo. Mzee Hsu hakuwahi kuuza jioni hata siku moja. Alikuwa akitukataza na sisi.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Artie Lubarsky, na sishangai. Artie na mzee walikaa meza za kupakana miaka kumi na moja wakitaniana kutwa nzima. Jumanne hiyo kampuni moja ndogo ya dawa ilikuwa ikipanda tangu asubuhi. Mzee alikuwa amenunua hisa zake. Artie alikuwa ameweka dau kwamba itaanguka. Saa saba mchana chumba kizima kilimsikia Artie akimwambia, "Mzee, leo nakuzika." Na hisa za mzee zilipomwagwa jioni ile, bei ya kampuni hiyo ikaanguka, Artie akafunga dau lake kwa simu, akapona. Ufunguo wa chumba anao. Na alirudi pale saa kumi na mbili na ushee, kamera ya duka la mikate ilimwona; ngazi za nyuma hazina kamera.

"Nilisahau dawa zangu za presha," Artie alimwambia Cintrón. "Kwenye ngazi nikaona kwenye simu bei inaanguka, nikatoka kwenye dau langu hapo hapo. Nikafika juu, mlango umefungwa, nikabisha. Kimya. Nikasema mzee kakasirika, hataki kuniona."

"Ufunguo unao. Kwa nini hukufungua?"

Artie akasema kwamba mtu akikasirika unamwachia nafasi, na kwamba hilo ndilo linalomkosesha usingizi. Cintrón hakumwamini. Alisema machozi ya mcheza kamari hayampi shida.

Mchana alikwenda Bayside, nyumbani kwa marehemu. Alimkuta mtoto wa pekee wa mzee, Milton, mfamasia, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Na alimkuta mama, Bi Shu-chen, ambaye kumbukumbu zimemtoka karibu zote. Milton alieleza kwa sauti ya chini kwamba mama anajua kufika jikoni na chooni kwa sababu ni nyumba hii. Mpeleke pengine, hata kwa siku mbili, anapiga ukuta usiku kucha akitafuta mlango. Na nyumba hii mzee alikuwa ameiweka rehani benki ili apate fedha za kuchezea hisa. Benki imewapa hadi mwisho wa mwezi.

Milton hakuficha kwamba alimtembelea baba yake Jumanne. Alifika saa kumi na moja, akamsihi aache, akaondoka baada ya robo saa.

"Alikuwa katika hali gani?" Cintrón aliuliza.

"Amekwisha, afande. Nilitazama skrini yake, nyekundu tupu. Alikuwa akipoteza kila kitu."

"Wewe unazijua hisa?"

"Nina akiba yangu ya uzeeni, naitazama kwenye simu. Hayo ya baba siyajui. Alishawahi kupoteza akiba ya mama, miaka tisa iliyopita. Nikamwambia habari za hisa asizitaje tena mbele yangu, na hakuzitaja."

Bi Shu-chen alikuwa ameambiwa habari za mumewe asubuhi, akalia, akasahau. Sasa alikuwa amesimama jikoni, samaki mbichi kwenye sahani mbele yake. Milton alipotoka kupokea simu, mama akamsogelea Cintrón, akamshika mkono, akamuuliza kwa Kiingereza kidogo kilichombakia:

"Leo nyekundu au kijani?"

Cintrón akaona hapa pana uongo mdogo wa huruma, haumuumizi mtu. Akasema, "Kijani, mama."

Uso wa bibi ukanywea. Akamrudisha samaki kwenye friji, akatoa sufuria ndogo, akaanza kuosha mchele wa uji, polepole. Cintrón alisimama pale hajui kakosea nini. Anasema njia nzima ya kurudi Flushing roho ilikuwa ikimsuta na hajui kwa nini.

Alikuwa amekusudia kumkamata Artie jioni hiyo. Akamkuta mezani kwake, hachezi chochote, amekaa tu. Akamwamuru afungue chati ya ile kampuni ya dawa, siku ya Jumanne, amwonyeshe dau lake lilikwendaje. Artie akafungua. Mishumaa ikapanda skrini, ngazi ile ile, ya kijani.

"Siyo hii," Cintrón akasema. "Nataka ile aliyokuwa nayo mzee."

"Ndiyo hii."

Akatoa simu, akamwonyesha ile picha. "Hii ni nyekundu."

Artie akaitazama, akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio katikati. "Afande, mzee ni mtu wa Taipei. Kwao soko likipanda ni jekundu, likishuka ni kijani, kinyume cha huku. Alipohamia huku akakataa katakata kubadilisha rangi. Miaka kumi na moja namtania, namwambia mzee unaendesha gari ukisimama kwenye taa ya kijani. Anasema, 'Nyekundu ni furaha, wewe mjinga, muulize mtu yeyote siku ya mwaka mpya.'"

Cintrón akavuta kiti cha mzee, akakaa. Bi Sumintra, aliyekuwa akifuta vumbi ambalo halipo ili asikie, anasema inspekta alikaa hivyo muda mrefu, mkono mdomoni. Kisha akauliza swali moja tu. Yale makampuni matatu yaliyouzwa, Jumanne yalikuwa yakipanda au yakishuka?

Artie akayafungua moja moja. Matatu yaliyouzwa yalikuwa yakipanda. Mawili yaliyoachwa yalikuwa yakishuka.

"Huo ni wazimu," Artie akasema. "Kauza yote yanayomlipa, kaacha yanayomla."

"Wewe ungetaka bei ianguke ili upone, ungeuza la dawa peke yake. Hayo mengine mawili yangekuhusu nini?"

"Hayanihusu."

"Na mwizi angeuza yote matano," Cintrón akasema, kama anaongea na meza. "Huyu hakuwa anaiba. Alikuwa anaokoa."

Alhamisi asubuhi alimwita Milton pale chumbani. Chumba kilikuwa kitupu, Artie na Bi Sumintra peke yao, na skrini ya mzee imewashwa, makampuni yake matano yamepangwa kama yalivyokuwa Jumanne kabla ya mauzo. Milton alikataa kukaa kwenye kile kiti. Alisimama, koti mkononi.

"Nisaidie kitu kimoja," Cintrón alisema. "Nionyeshe baba yako alikuwa akipoteza wapi."

Milton akanyoosha kidole bila kusita: hili, hili, na hili. Matatu mekundu.

"Na haya mawili?"

"Haya yalikuwa salama."

"Ndiyo maana hukuyauza."

Milton alishusha kidole taratibu, akawatazama mmoja mmoja, na hapo akajua kwamba wamejua. Lakini bado hakuwa amejua lililo baya zaidi, na Cintrón anasema katika kazi yake yote hajawahi kutamani kunyamaza kama siku ile. Akamgeukia Artie. Artie akakataa kusema. Ikabidi Cintrón aseme mwenyewe: kwa baba yako nyekundu ni kupanda. Jumanne alikuwa anashinda. Siku tatu zaidi za namna ile, nyumba ingerudi.

Milton alitazama skrini. Alifuata mishumaa kwa macho kutoka chini kwenda juu, kama mtoto anayejifunza kusoma. Ilikuwa ikipanda. Asiyejua chochote cha hisa angeona kwamba inapanda, kama hakutishwa na rangi.

"Alikuwa anacheka," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nimeingia, ananionyesha skrini, anacheka, anapiga makofi. Kichina changu kibovu. Nikasikia anasema nyekundu, nyekundu, tazama imekuwa nyekundu, twende tukamwambie mama. Nikaona amerukwa na akili. Nikaona nyumba ya mama imekwenda na yeye anacheka. Akanishika mabega anitazamishe." Akaliweka koti chini. "Nikamsukuma anitoke. Anitoke tu."

"Ukaona amekufa."

"Mimi ni mfamasia, afande. Nilimpima mshipa. Nikakaa pale naye, sijui muda gani. Kisha nikafikiri kwamba kilichobaki nikiokoe, kwa ajili ya mama. Soko la jioni lilikuwa bado wazi. Nikauza mekundu yote."

"Halafu mtu akabisha."

"Akabisha, akaita 'Mzee, acha kununa.' Nikaziba mdomo wangu kwa mikono yote miwili."

Artie aliinuka akaenda dirishani akawapa mgongo. Bi Sumintra, ambaye hana simile na wahalifu, alimletea Milton maji, akamshikia kikombe. Hakuna aliyemtukana. Ungemtukana kwa lipi ambalo hajajitukana?

Aliandikiwa shtaka la kuua bila kukusudia na hakulipinga. Fedha za mauzo ya jioni, kwa bei zile za kutupa, hazikutosha kuikomboa nyumba, na asubuhi iliyofuata ile kampuni ya dawa ilirudi juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Soko ndivyo lilivyo. Artie amebadilisha rangi za mishumaa yake, kupanda kwake sasa ni nyekundu. Kila siku anakosea, anauza asichotaka kuuza, anajitukana kwa sauti, na ukimwambia arudishe rangi za zamani anakufokea. Meza ya mzee hajakodi mtu.

Alhamisi ile ile, Milton alipokwisha kuchukuliwa, Cintrón aliendesha gari mwenyewe hadi Bayside. Mlezi wa bibi ndiye aliyefungua mlango. Inspekta alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia mama habari za mwanawe, ameyarudia njia nzima. Bi Shu-chen alimpokea kwa tabasamu, hakumkumbuka. Jua la jioni lilikuwa limeingia jikoni na sufuria ndogo ya uji ilikuwa imesimama kwenye jiko. Akamshika mkono kama jana.

"Leo nyekundu au kijani?"

Cintrón alijaribu kuyatafuta yale maneno yake, hakuyapata.

"Nyekundu, mama," akasema. "Nyekundu sana."

Bibi akapiga makofi. Akamtoa samaki kwenye friji, akakata tangawizi nyembamba nyembamba, akaanza kuimba kitu kwa sauti ya puani. Maji yalipochemka alifungua kabati na kuandaa meza: sahani ya mumewe, sahani yake, na, baada ya kufikiri kidogo, ya Milton. Kisha akavuta kiti, akakaa kuwasubiri.