Spika za Bibi

Kila jioni Njiti akitoka shule huosha vyombo vya mchana, huwasha televisheni, kisha hukaa peke yake kwenye kochi la watu watatu. Jina la Njiti alibandikwa na bibi yake kwa wembamba wake. Zamani walitazama filamu pamoja, bibi akiwagombeza waigizaji kama watoto wa jirani. Masikio yalipoanza kumchoka, maneno akawa hayapati tena, basi akajitenga chumbani kwake. Nyumba ikapoa.

Baba, aliyefanya kazi mbali, akatuma hela ya spika ili bibi asikie tena. Akamsisitizia binti yake asikilize kwanza, tena aende na bibi. Njiti akaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, halafu akaenda mwenyewe, maana bibi anatembea polepole na yeye alitamani arudi kochini siku hiyohiyo.

Dukani kulikuwa na maboksi mawili. La kwanza limeandikwa hezi 20 hadi 20,000. La pili, hezi 60 hadi 18,000, na pembeni alama ya kujumlisha na kutoa, desibeli 3. Hezi alizisoma shuleni: mitetemo kwa sekunde, ikiwa michache sauti ni nzito, ikiwa mingi ni nyembamba. Akaona la kwanza ndilo kiboko. Muuza spika akataka kumwashia, akakataa, akalinunua hivyohivyo.

Jioni ile ngoma zilidunda mpaka vikombe vikagongana kabatini, lakini watu wakiongea, ni kama wamefunikwa blanketi. Bibi alichungulia mlangoni, akarudi chumbani. Baba alipopiga simu kuuliza kama walisikiliza, Njiti akasema ndiyo. Kisha akakaa, na kochi likamwia pana kweli.

Kesho yake akarudisha boksi, akaeleza ukweli wote. Muuza spika hakumfokea.

“Binti, namba hizi zinasema sauti inaanzia wapi na inaishia wapi. Njiani inafanyaje, hazisemi. Hata mimi naweza kuandika kwamba nafika mpaka mjini. Kumbe nafika nimebebwa, na hilo sijaliandika.”

Akamwonyesha boksi la pili. Ile desibeli 3, kipimo cha ukubwa wa sauti, ni ahadi kwamba toka mwanzo hadi mwisho sauti haipandi wala haishuki kupita hapo. Lile la kwanza halikuahidi kitu: sauti nzito zilivimba, na katikati, penye maneno ya watu, pakazama.

“Na mwenye masikio yuko wapi?” akauliza.

Njiti akaenda kumchukua bibi. Wakaja hatua kwa hatua, wakasikiliza yote mawili kwa filamu moja. Kwenye la pili bibi akainua mkono.

“Huyo mwanamume ni mwongo, mkewe asimsikilize.”

Wakachukua hilo. Nyumbani Njiti alimpigia baba, akaungama. Bibi akaketi kochini.

“Mjukuu wangu,” akasema, “namba zisome zote, hata zile ndogo za pembeni. Ila kama kitu ni changu, niulize na mimi. Nilikuwa chumba cha pili tu. Haya, sogea, unanibana.”