Kabati la Pasipoti

Asubuhi hiyo karani aliikuta chupa kubwa ya maji ya ofisini tupu kwa mara ya tatu, na vumbi jekundu limetapakaa mbele ya kabati la pasipoti. Alifagia, akaenda kuijaza chupa.

Bosi wake, wakala wa kupeleka mabinti ng'ambo kufanya kazi za ndani, alisikiliza utabiri wa hali ya hewa kuliko mkulima yeyote. Pakitangazwa ukame, yeye hupakia fomu garini na kwenda huko huko, kwa watu ambao mvua imewagomea miaka mitatu na mifugo imewaisha. Mja laana huyo hakuwahi kurudi mikono mitupu.

Saa nne akaingia mama mmoja na binti yake mdogo. Mkubwa alishaondoka kupitia ofisi hii hii, mwaka na nusu sasa, na hajapiga simu.

"Yuko salama, mama," wakala alisema, akiifungia pasipoti ya mdogo kabatini. "Kazini simu haziruhusiwi. Huyu atamkuta dada yake."

Ndani ya kabati kitu kikakwaruza.

"Panya," wakala alisema.

"Panya gani anaomba maji, bosi?" karani alinong'ona.

Maana sasa wote waliisikia, sauti kavu ya msichana ikiomba maji, na harufu ya tope la kisima kilichokauka ikajaa chumbani mchana kweupe, na mlango wa kabati ambao wakala alikuwa ameufunga kwa ufunguo wake mwenyewe ukafunguka taratibu, ukatoka mkono uliopasukapasuka ngozi, umeshika pasipoti ya yule mdogo, ukamnyooshea mama.

Mama aliujua. Kovu lile juu ya kidole gumba mwanawe alilipata akimpikia mdogo wake uji.

"Mrudishe nyumbani, mama," sauti ilisema.

"Nyumbani hakuna maji, mwanangu."

"Huku ng'ambo yapo. Walinifungia chumbani, wakaninyima mpaka nikafa."

"Basi toka, twende sote." Mama aliuvuta mkono kwa nguvu zake zote, huku analia.

"Siwezi, mama. Nimeshazikwa."

Mkono ukamwachia mama pasipoti, ukajitoa polepole mikononi mwake, ukamdaka wakala kooni, ukaanza kumvuta kabatini.

Mama alimshika binti yake wakashuka ngazi. Karani aliwafuata, ila kwanza alifunga mlango wa ofisi kwa nje, bosi wake akiwa bado anamwita.