Kiunzi Kinachochelewa Kuamka

Taa ndogo za kijani ziliwaka kwanza magotini, kisha kwenye nyonga, halafu mkanda wa kifuani ukajikaza taratibu kumzunguka Mzee Ambakisye Mwaisumo. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na sweta mbili mwilini, maana Mbeya ilikuwa na baridi yake ya Juni. Vyuma vyepesi vilivyomshika toka kiunoni hadi kwenye nyayo vilitikisika kidogo, vikatulia. Kompyuta iliyokaa mgongoni mwake ikaanza kusema.

"Habari za asubuhi. Tafadhali subiri. Napakia hali ya hewa."

"Hali ya hewa naiona dirishani," mzee akasema.

"Tafadhali subiri. Napakia mwongozo wa lugha."

Tusekile, binti yake, alisimama mlangoni na buti za kazi mkononi. Hakuweza kuondoka. Kiunzi kikiwa katikati ya kuamka, mtu aliyekivaa amefungwa kama mzigo: hawezi kusimama, na hawezi kulala. Kwa hiyo kila asubuhi alisubiri pale mlangoni, na kila asubuhi alifika kazini wenzake wakiwa wameshaanza.

Watu wengi wa mji walikuwa wamesahau kwamba mashine za namna ile bado zipo. Kiunzi-tembezi kilivaliwa juu ya nguo. Kilisoma dalili ndogo zilizobaki kwenye misuli ya mgonjwa, kikatembea kwa niaba ya miguu yake. Kiharusi kilipomnyang'anya Mzee Ambakisye nguvu za miguu, kiunzi kilikuwa kipya, na kiliamka kabla hajamaliza kufunga vifungo vya shati. Siku hizi wagonjwa waliwekewa uzi wa umeme ndani ya uti wa mgongo, wakatoka hospitali wakitembea bila chuma chochote. Lakini daktari alikuwa ameusikiliza moyo wa mzee, akakataa upasuaji. Kampuni iliyotengeneza kiunzi nayo ilikuwa imeshafungwa. Kilichokuwepo ndicho hicho.

"Tafadhali subiri," kompyuta ikasema. "Natafuta maboresho."

Mzee alikuwa ameacha kujibu. Alitazama ukuta. Tusekile aliona mikono yake imeshika shuka kwa nguvu, kisha akaona imelegea, na baada ya hapo akaona suruali ikibadilika rangi polepole, toka mapajani kwenda chini.

Taa za magotini ziligeuka buluu. "Karibu," kiunzi kikasema kwa furaha. "Sasa unaweza kusimama."

Tusekile aliweka buti chini, akaenda kuchemsha maji ya kuoga.

*

Kazi yake ilikuwa kutengeneza roboti-fagizi za manispaa, zile zinazopita barabarani alfajiri zikikusanya taka. Siku nzima alifungua matumbo ya mashine, na jioni hakutaka kuona bisibisi nyingine. Ndiyo maana kiunzi cha baba yake kilikuwa kimefika hali ile. Jumapili hiyo, hata hivyo, hakwenda kanisani. Alimsaidia mzee kukaa kwenye kiti cha sebuleni akiwa amevaa kiunzi, akachomeka waya mgongoni, akafungua kompyuta ya mezani.

"Utaniua na umeme," mzee akasema.

"Nikuue leo, nani atanunua maziwa?"

Kwenye kioo zilijitokeza programu zote zinazojiamsha zenyewe mara kiunzi kinapowashwa. Tusekile alipumua kwa nguvu. Zilijaa toka juu hadi chini.

"Shida ni hii, baba. Chuma hakijachoka, na betri ni nzima. Kila programu iliyowahi kuingizwa humu imejipa ruhusa ya kuamka pamoja na kiunzi. Zote zinasukumana mlangoni kwa wakati mmoja, na akili ya mashine ni ndogo, ya zamani. Miguu inangoja zamu yake nyuma ya hali ya hewa."

"Kama foleni ya malori kwenye mizani ya Tunduma," mzee akasema. "Nimebeba nyanya zinaoza, mbele yangu kuna malori ya saruji."

Alikuwa dereva wa malori makubwa maisha yake yote, mpaka malori yalipoanza kujiendesha. Wenzake waliobaki bado walikutana kila asubuhi kwenye kituo cha kuchajia pale Mwanjelwa, wakanywa maziwa na maandazi, wakayacheka malori yasiyo na dereva yanavyoingia. Siku hizi mzee alifika wakati vikombe vinaoshwa. Hakuwahi kulalamika. Alikaa peke yake kidogo, akarudi.

"Tutazima moja moja," Tusekile akasema. "Hatufuti kitu. Nikizima vibaya, narudisha. Hizi nne hatuzigusi hata kidogo: usawa, viungo, breki, mapigo ya moyo. Hizo ndizo zinazokusimamisha."

Alizima mwongozo wa lugha, uliowekwa kwa ajili ya watalii. Alizima mwalimu wa dansi. Alizima tangazo la viatu, na programu ya kutembea kwenye theluji iliyomfanya mzee acheke hadi akakohoa. Alizima ile ya kutafuta maboresho, ambayo kila asubuhi ilipiga hodi kwenye kampuni iliyokufa, ikasubiri, ikapiga tena. Kila alipozima moja alikiwasha kiunzi upya, na mzee alisimama na kukaa, akasimama na kukaa, mpaka jasho likamtoka. Mara moja Tusekile alizima programu asiyoielewa na goti la kushoto likagoma kukunjika. Akairudisha haraka, akamwomba baba yake radhi.

Kufikia mchana kiunzi kiliamka vizuri zaidi, lakini bado kulikuwa na kitu kinachokishikilia. Sauti ilisema "tafadhali subiri," halafu ikanyamaza muda mrefu. Tusekile aliangalia ni programu ipi inayokula nguvu kiasi hicho. Akainua mkono kutoka kwenye kompyuta.

"Nini?" mzee akauliza.

"Ni yangu."

Aliiweka mwenyewe mwaka aliofariki mama yake, wiki ile mzee alipoanguka jikoni akalala sakafuni mpaka yeye aliporudi kutoka kazini. Aliipa jina la Mlinzi. Kila asubuhi Mlinzi ilipima shinikizo la damu, ikapiga picha ya chumba, ikatafuta mahali mzee alipo, ikatuma vyote kwenye simu ya Tusekile, na haikuiachia miguu mpaka simu ijibu kwamba vimefika. Mchana kutwa iliendelea kumfuata mzee, ikapiga simu kila alipoinama au kukawia mahali. Aliiandika hivyo makusudi, usiku, msiba ukiwa bado mbichi, akiwa hajala.

"Basi zima," mzee akasema.

"Hiyo hapana, baba."

"Tuse."

"Ukianguka nitajuaje?"

"Hutajua." Mzee alisema hivyo bila ukali. "Nikienda chooni unajua. Nikikaa muda mrefu kule unapiga simu."

"Mimi siangalii picha."

"Lakini unajua, mama. Mimi nimekuwa na gari langu peke yangu miaka yote. Nimelala porini Chunya, gari limeharibika, hakuna aliyejua nilipo zaidi ya Mungu."

Tusekile alitaka kusema kwamba wakati ule alikuwa kijana. Badala yake machozi yalimtoka, na yalimshangaza. Alikuwa amechoka mno. Simu ilikuwa imelia akiwa kwenye mikutano, akiwa bafuni, akiwa amesinzia kwenye kiti kando ya kitanda cha ndugu mwingine mgonjwa. Mara ngapi alikuwa amekimbia kutoka karakana, akafika anahema, akamkuta baba yake ameinama anafunga kamba za viatu?

"Na wewe huna siku iliyo yako," mzee akasema taratibu. "Iko mfukoni mwangu mimi. Si vizuri."

Jirani alikuwa anatwanga kitu. Mwishowe Tusekile akafuta uso kwa kanga, akavuta kompyuta karibu.

"Siifuti. Naitoa kwenye zile zinazojiamsha zenyewe. Itakaa humu imelala. Ukiitaka, sema 'Mlinzi, amka,' itanipigia. Usipoiita, haifanyi kitu."

"Ndaga, mwanangu," mzee akasema kwa lugha ya kwao. "Asante."

Akakiwasha. Taa zilipanda magotini, nyongani, zikageuka buluu, na Mzee Ambakisye akawa amesimama kabla Tusekile hajachomoa waya.

*

Wiki zilizofuata mzee aliwahi kituoni. Jioni alirudi na habari: nani amepata mjukuu, lori gani limejipaki vibaya likaaibika mbele za watu. Alikula vizuri. Tusekile alifika kazini kwa wakati, na simu ilikaa kimya ndani ya begi. Mara nyingine aliitoa na kuitazama, akairudisha. Jumamosi moja alilala mchana mzima, akaamka hajui ni siku gani.

Halafu jioni moja, akimsaidia baba yake kuvua kiunzi, alipandisha mguu wa suruali akakuta goti limechubuka vibaya. Damu ilikuwa imekauka, na mtu alikuwa amelifunga kwa leso ya kike asiyoijua.

"Umepatwa na nini?"

"Nimejigonga mlangoni."

Tusekile alileta maji ya vuguvugu na chumvi, akapiga magoti mbele yake, akaanza kuosha. Vikokoto vidogo vya barabarani vilitoka kwenye jeraha, kimoja baada ya kingine, vikazama kwenye beseni. Mzee alivitazama vikizama. Kiunzi kilining'inia ukutani nyuma yao kikichaji. Ingemchukua muda mfupi sana kuirudisha Mlinzi mahali pake.

"Mlango wa nani huo?" akauliza.

"Wa kituoni," mzee akasema. Kisha akaongeza, "Walikuwepo wengi. Waliniinua."

Alimpaka dawa. Mzee aliuma meno lakini hakuuvuta mguu.

"Kesho utaenda?"

"Nikiamka salama."

"Basi vaa suruali nzito," Tusekile akasema, na akainuka kwenda kumwaga maji.