Sauti ya Mwitikiaji

Rafiki yangu Leodegar alikuwa fundi wa kurekodi nyimbo huku bondeni miaka ya hamsini. Hadi leo hedifoni havai.

Siku moja alikwenda kijiji cha Mofu kumrekodi mwimbaji Konsolata ndani ya ghala la mpunga, madirisha yamezibwa kwa magunia kuzuia kelele, giza mchana kweupe. Nyimbo za huko huimbwa na wawili, mwanzilishi na mwitikiaji. Konsolata alizitaka sifa peke yake. Kwa hiyo alimdanganya Digna, mwitikiaji wake tangu utotoni, kwamba kurekodi ni kesho.

Kwa mazoea Leodegar aliweka maikrofoni mbili. Ya pili akaipunguza sauti mpaka sifuri, na kwenye hedifoni alizovaa Konsolata akapeleka sauti ya Konsolata mwenyewe tu.

Ubeti wa kwanza haukuisha.

"Kaka, mzime huyo Digna," Konsolata alinong'ona. "Ananiitikia masikioni."

"Dada, humu tuko wawili."

Leodegar akachomoa kabisa waya wa maikrofoni ya pili. Sauti masikioni haikukoma; Konsolata akaimba hadi mwisho huku analia.

Walipousikiliza utepe, Konsolata hakuwamo. Kila mahali alipoimba palikuwa kimya, kisha Digna anaitikia. Wimbo ulipokwisha, Digna akauliza kwa upole humo humo kwenye utepe:

"Konsola, kumbe kesho yenyewe ni leo?"